Kupima dawa za mbegu za ngano na shayiri: jaribio la shambani hatua kwa hatua

Dawa ya mbegu hufanya kazi yake chini ya udongo, mahali ambapo hakuna anayeiona. Ngano ikiota vizuri dawa husifiwa. Ikiota kwa mapengo, lawama huenda kwa mvua. Mkulima wa Njoro au Molo, nchini Kenya, anaweza kununua chupa ileile mwaka baada ya mwaka bila kujua kama imewahi kumsaidia. Kupata jibu la kweli hakuhitaji maabara kubwa. Kunahitaji mbegu yenye ugonjwa, mizani inayosoma gramu, mita mraba 240 za shamba, na mtu mwenye subira ya kuhesabu. Majaribio mengi huharibika kabla hata ya kupanda, kwa sababu aliyeyapanga hakujiuliza kwanza kuvu anayoipiga vita inakaa sehemu gani ya mbegu.

Kuvu inakaa wapi?

Chukua smati ya ngano, ugonjwa wa kuvu, ule unaogeuza suke zima kuwa unga mweusi na kuacha kijiti kitupu. Hii hukaa ndani ya kiini cha mbegu. Vijimbegu vyake, yaani chembe za ule unga, hupeperushwa na upepo ngano inapochanua, huingia kwenye ua, na punje inayotokea huonekana safi kabisa: haina doa, haina harufu, uzito wake ni wa kawaida. Ikipandwa, kuvu huamka pamoja na mche, hupanda nao kimyakimya na kujitokeza wakati wa suke. Dawa ya kugusa tu, kama thiramu au fludioksonili, hubaki nje ya ganda na haifiki kwenye kiini. Inayofika ni ile inayopenya na kusafiri ndani ya mche, kama kaboksini, ambayo sifa zake zilitangazwa mwaka 1966, au baadhi ya dawa za jamii ya triazoli kama tebukonazoli na tritikonazoli.

Fuzariamu, kuvu inayoozesha punje na miche, ni habari nyingine. Hushika punje mvua inaponyesha wakati wa kuchanua, jambo la kawaida Mau Narok na Molo, na hukaa juu ya ganda na chini yake kidogo. Punje husinyaa, huwa nyeupe kama chokaa, nyingine na wekundu wa waridi. Mche hufa kabla ya kutokeza au huota ukiwa na shina la kahawia. Hapa dawa ya kugusa inatosha, na mara nyingi fludioksonili hufanya kazi nzuri kuliko triazoli. Smati iliyofunikwa ya shayiri nayo husafiri nje ya punje, chini ya kapi, kwa hiyo ni rahisi kuifikia.

Kwa hiyo dawa moja inaweza kushinda katika jaribio la fuzariamu na kushindwa kabisa katika jaribio la smati, na matokeo yote mawili yakawa kweli. Anayeuza atakuonyesha lile moja.

Soma lebo za kutoka Ulaya kwa uangalifu. Nyingi ziliandikwa kwa ajili ya ngano ya majira ya baridi, inayopandwa kuanzia Septemba na kulala katika udongo wenye joto la nyuzi chache miezi kadhaa, wakati mwingine chini ya theluji, ambako kuna kuvu maalumu ya baridi inayoozesha miche. Ngano yetu haina majira hayo. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Njoro kiko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi, lakini mche hutokeza ndani ya siku 7 hadi 10 na hauketi udongoni kungoja machipuko. Sifa ya dawa dhidi ya ukungu wa theluji haikuambii lolote kuhusu Rongai.

Na kuna magonjwa ambayo usiyaweke kabisa kwenye orodha. Kutu ya shina, pamoja na ile jamii ya Ug99 iliyotambuliwa Uganda mwaka 1999, huja kwa upepo mche ukiwa mkubwa, na dawa ya mbegu imeshaisha nguvu. Ugonjwa wa kuoza mizizi unaotokana na mabaki ya ngano ya mwaka jana nao hauguswi na dawa nyingi za mbegu za kawaida.

Kupata mbegu inayofaa kujaribiwa

Mbegu iliyothibitishwa haifai. Imekaguliwa, ni safi, na mara nyingi imeshapakwa dawa. Ukijaribu dawa tano kwenye mbegu isiyo na ugonjwa, zote tano zitafaulu, na hata maji yatafaulu.

Tafuta mkulima anayehifadhi mbegu yake mwenyewe na ambaye shamba lake lilikuwa na masuke meusi msimu uliopita. Chukua mbegu ya aina moja tu, iwe Robin au Kwale, kwa sababu aina za ngano hutofautiana katika kushika smati na ukichanganya hutajua unapima dawa au aina. Chota kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, changanya kwenye turubai, kisha gawa. Usipepete na kuchagua punje nono ikiwa unatafuta fuzariamu: unatupa ugonjwa ulioufuata.

Sasa kiwango cha ugonjwa. Hapa ndipo hesabu inapoamua kila kitu. Tuseme ploti yako, yaani kipande kimoja cha jaribio, ina mita mraba 12 na miche 250 kwa kila mita mraba, yaani miche 3,000. Mbegu ikiwa na smati asilimia 1, ploti isiyo na dawa itakuwa na miche 30 hivi yenye ugonjwa, na tofauti itaonekana hata kwa mpita njia. Ikiwa na asilimia 0.1, ni miche 3. Ploti moja itapata 5, nyingine 1, nyingine 0, kwa bahati tu, na dawa mbovu haitatofautika na nzuri. Chini ya asilimia 0.3 hivi, achana na mbegu hiyo au panua ploti.

Kwa kuwa punje ya smati haionekani kwa macho, maabara ya mbegu ndiyo inayoweza kukupa kiwango hicho kabla ya kupanda. Punje huloweshwa usiku kucha kwenye magadi makali yenye rangi, viini hutenganishwa kwa maji ya moto na chekecheke, kisha viini zaidi ya 1,000 hutazamwa kimoja kimoja kwa hadubini kutafuta nyuzi za kuvu. Magadi hayo huchoma ngozi na macho, kwa hiyo si kazi ya jikoni. KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, wana maabara ya mbegu Nakuru. Uliza kama wanapokea sampuli za kipimo hiki. Njia ya pili ni kupanda sehemu ndogo ya mbegu hiyo msimu mmoja kabla na kuhesabu masuke. Ni ya polepole, lakini haidanganyi.

Fuzariamu ni rahisi zaidi. Panga punje 25 kwenye kisahani cha plastiki chenye karatasi tatu za kunyonya maji zilizolowa bila kuchuruzika maji, visahani 16 ili zitimie punje 400, weka kwenye nyuzi 20 hadi 22 kwa siku 7. Fuzariamu huonekana kama pamba nyeupe yenye wekundu. Kuvu ya kahawia iliyokolea karibu na weusi, yenye vijimbegu virefu chini ya hadubini, ni bipolarisi, nayo huozesha miche. Utando wa kijivu uliotapakaa karibu kila punje ni altenaria, na huyo mara nyingi hana neno. Wengi humhesabu kama ugonjwa na kupata asilimia 80 ya kutisha isiyo na maana.

Kipimo hiki ni cha mbegu isiyo na dawa. Ukiweka punje zilizopakwa kwenye karatasi, dawa huyeyuka, husambaa kwenye unyevu na kuilinda hata punje jirani. Matokeo yatapendeza kupita uwezo wa dawa. Mbegu iliyopakwa ipimwe kwenye mchanga au udongo.

Dawa zipi ziingie

Jaribio dogo lenye nguvu lina matibabu matano na marudio manne, ploti 20 kwa jumla:

1. Mbegu kavu, haikuguswa.
2. Mbegu iliyopakwa maji tu, kiasi kilekile cha majimaji kinachotumika kwenye dawa.
3. Dawa ya kugusa tu, kwa mfano fludioksonili.
4. Dawa inayopenya ambayo tayari inajulikana kufanya kazi na imesajiliwa nchini.
5. Dawa unayotaka kuijua.

Namba 3 huonekana kama kupoteza ploti, hasa kwenye jaribio la smati ambako inatarajiwa kushindwa. Iache palepale. Ikifaulu, ujue kuna kitu kimeharibika: pakiti zimechanganyika, au ndoo haikusafishwa. Namba 4 nayo ni mlinzi wa upande wa pili. Ikishindwa pamoja na namba 5, lawama iko kwenye upakaji wako kabla ya kuwa kwenye dawa.

Epuka kulinganisha dawa ya ukungu peke yake na mchanganyiko wenye dawa ya wadudu, kama imidaklopridi. Mchanganyiko huo huua vidukari katika wiki za mwanzo, ngano huwa kijani na nzito, na sifa yote huandikiwa dawa ya ukungu isiyohusika.

Dawa ambayo haijasajiliwa Kenya haijaribiwi kiholela. Kibali cha majaribio hutolewa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magonjwa ya mimea. Na usajili wa nchi moja si wa nchi nyingine: thiramu bado hutajwa kwenye vitabu vingi, ilhali Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kutoendelea kuiruhusu.

Kupaka dawa kwenye kilo moja ya mbegu

Hii ndiyo hatua inayoharibu majaribio mengi kuliko zote, kwa sababu lebo imeandikwa kwa magunia na wewe una kilo moja.

Lebo ikisema mililita 200 kwa kilo 100, kilo moja inataka mililita 2. Mililita 2 za maji mazito haziwezi kuzifikia punje 25,000. Ongeza maji mililita 6 ili upate majimaji ya mililita 8 kwa kilo. Usizidishe mililita 10: hiyo ni asilimia 1 ya uzito wa mbegu, na zaidi ya hapo punje huanza kufura na kushikana.

Tikisa chupa ya dawa mpaka usisikie tope chini. Dawa hizi hutuama, na sirinji ikinyonya juu inanyonya maji. Pima kwa sirinji ya mililita 3 au 5, isiyo na sindano. Mimina kwenye kikombe kidogo, kisha suuza sirinji kwa yale maji mililita 6, mara mbili tatu, kila kitu kirudi kikombeni. Kinachobaki kwenye kuta za sirinji kinaweza kuwa sehemu kubwa ya dozi.

Tumia mtungi wa plastiki wa lita 5 wenye mdomo mpana na kifuniko. Kilo moja ikijaza nusu ya chombo haizunguki, inasukumana tu. Sambaza majimaji kwenye kuta za ndani za mtungi kwanza, ndipo umwage mbegu, funga, zungusha na kupindua kwa dakika 2 hadi 3. Ukimwaga dawa juu ya mbegu moja kwa moja, punje za juu huwa nyekundu tititi na za chini hubaki rangi ya ngano.

Sasa pima. Mbegu gramu 1,000 na majimaji ya gramu 8 hivi zinapaswa kutoka zikiwa karibu gramu 1,008. Mizani ikisoma 1,004, nusu ya dawa imebaki kwenye plastiki. Kwa sababu hiyo, kila dawa ianze na kilo moja ya bure: paka kilo ya kwanza, itenge, kisha paka ya pili kwenye mtungi uleule ambao kuta zake zimeshashiba. Ya pili ndiyo ya jaribio. Ni kilo moja ya ngano kwa kila dawa, na ni bei ndogo kuliko msimu mzima wa majibu ya uongo.

Mwaga punje 100 kwenye karatasi nyeupe na uzigeuze. Tazama mfereji ulio katikati ya kila punje. Ukiona nyingi zina rangi mgongoni na mfereji mweupe, zungusha tena dakika moja.

Anza na mbegu ya maji, kisha dawa moja baada ya nyingine, kila dawa na mtungi wake ikiwezekana. Mitungi haitoshi? Suuza kwa maji na sabuni, pangusa kwa spiriti, kausha. Anika mbegu kivulini saa 24 kwenye karatasi zilizoandikwa. Matibabu yote, na ile isiyoguswa pia, yakae siku sawa kabla ya kupanda.

Glavu za nitraili, ovaroli, barakoa, nje penye hewa. Mbegu iliyopakwa haiendi posho mill, haiendi kwa kuku, na gunia lake halirudi jikoni hata likifuliwa. Iraki mwaka 1971 na 1972 mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki iligeuzwa mkate; waliolazwa hospitalini walizidi 6,000 na waliokufa humo walikuwa 459. Dawa za zebaki zimeondolewa, lakini rangi nyekundu kwenye mbegu ina maana ileile.

Kabla ya shamba: mchanga na trei

Panda punje 100 mara nne za kila matibabu kwenye mchanga safi wenye unyevu, nyuzi 20, hesabu siku ya 4 na ya 8. Dawa ikiangusha uotaji hapa, kuna shida ya dozi au ya dawa yenyewe. Kwenye hatua hii ongeza pia dozi mara mbili ya lebo, kwa sababu mashine za kupaka mbegu shambani hazipaki sawasawa na baadhi ya punje hupata zaidi.

Triazoli zina tabia moja inayostahili kutazamwa kwa karibu. Hufupisha koleoptili, ile ala nyeupe inayolipeleka jani la kwanza hadi juu ya udongo. Panda kundi moja kwenye kina cha sentimita 3 na jingine sentimita 7. Kwenye sentimita 3 hutaona tofauti. Kwenye 7, ala fupi huishia njiani, jani hutokea chini ya udongo na kujikunja kama akodioni, mche hufa. Ng'oa ile ambayo haikutokeza uone mwenyewe. Mkulima aliyepanda kwa kina kuwahi unyevu, kisha akapata mapengo, pengine hakuwa na mbegu mbovu. Alikuwa na dawa na kina visivyopatana.

Shambani

Chagua sehemu ya shamba iliyo sawa, mbali na kichuguu, njia ya ng'ombe na kivuli cha miti. Ploti iwe na mistari 6 yenye nafasi ya sentimita 20 na urefu wa mita 10. Bloku nne, kila moja ikiwa kundi la ploti tano, zipangwe ili tofauti ya mteremko iwe kati ya bloku na bloku, wala si ndani ya bloku moja. Ndani ya kila bloku, piga kura: andika namba 1 hadi 5 kwenye vikaratasi, changanya kwenye kofia, chomoa. Rudia upya kwa kila bloku. Kuiweka dawa unayoipenda kando ya barabara ni matangazo, hilo si jaribio.

Kiasi cha mbegu hutokana na uzito wa punje 1,000. Zikiwa gramu 40, uotaji asilimia 95, na ukitarajia asilimia 85 ya zinazoota zifanikiwe shambani, miche 250 kwa mita mraba inahitaji gramu 12.4, yaani kilo 124 kwa hekta. Ni karibu lile gunia la kilo 50 kwa ekari ambalo wengi wamelizoea. Kila mstari wa mita 10 hupata gramu 25. Pima mbegu za kila mstari kwenye bahasha yake mapema, bahasha 120, ziandike namba ya ploti na mstari. Ni kazi ya jioni mbili, na inaondoa ubishi wote wa nani alimwaga nyingi.

Mkono ni bora kuliko mashine kwa ploti 20. Fungua mifereji, kina sentimita 3 hadi 4, sambaza, funika, kanyaga kidogo. Ukilazimika kutumia planta, panda ploti zote za dawa moja kabla ya kubadilisha, anza na isiyo na dawa, na pima upya mtiririko kwa kila dawa: mbegu iliyopakwa hunata na kutoka polepole, hivyo ploti yenye dawa huishia na miche michache na kuonekana kama imeunguzwa.

Mbolea na palizi ziwe sawa kila mahali. Njoro hupanda sana Mei na Juni, na ikifika wakati wa jani la juu kutu itakuwa inapita. Nyunyiza dawa ya kutu jaribio zima kwa siku moja. Haiponyi smati iliyokwisha kaa ndani ya mche, kwa hiyo haivurugi hesabu yako. Weka pia mistari miwili ya ngano ya ziada kuzunguka jaribio, na mtu wa kufukuza ndege.

Kuhesabu

Miche ihesabiwe siku ya 7, 14 na 21, kwenye mita moja ya mstari, sehemu nne za kila ploti, bila kugusa mistari miwili ya pembeni. Weka vijiti siku ya kwanza ili urudi palepale. Baada ya siku 21 ngano huanza kutoa machipukizi ya pembeni na huwezi tena kutenganisha mche na ndugu yake. Kwa fuzariamu, ng'oa miche 25 kwa kila ploti kwenye mstari wa pembeni, osha, toa alama: 0 ikiwa shina jeupe, 1 ikiwa doa dogo la kahawia, 2 ikiwa kahawia imezunguka nusu, 3 ikiwa imezunguka lote au mche umekufa. Anayetoa alama asijue ploti ina dawa gani. Mpe namba tu.

Smati ina dirisha jembamba. Masuke yenye ugonjwa hutoka siku chache kabla ya mengine na mara nyingi husimama juu kidogo, kwa hiyo yanaonekana kutoka mbali, meusi yakiwa yamevikwa ngozi nyembamba ya fedha. Ngozi hiyo hupasuka, upepo na mvua huondoa unga, na ndani ya wiki moja au mbili kinabaki kijiti kikavu ambacho hupotea kati ya masuke yanayojaa. Pita mara tatu, kila baada ya siku tatu nne, tangu masuke ya kwanza yanapochungulia. Hesabu ploti nzima, si sampuli. Lile uliloliona lifungie uzi mwekundu chini ya suke ili usilihesabu tena. Ukipenda kulikata, livike kwanza mfuko wa karatasi. Idadi ya masuke yote ya ploti ikadirie kwa kuhesabu nusu mita ya mstari, sehemu nne.

Usikimbilie mizani ya mavuno. Asilimia 1 ya masuke meusi hupunguza mavuno kwa karibu asilimia 1, na hakuna jaribio la ploti 20 linaloweza kuona tofauti hiyo katikati ya tofauti za kawaida za udongo. Ukiambiwa dawa ya mbegu iliongeza magunia matatu kwa ekari, uliza miche ilikuwa mingapi, na kama kulikuwa na dawa ya wadudu ndani.

Hesabu zenyewe

Ufanisi ni ugonjwa wa ploti zisizo na dawa, toa ugonjwa wa ploti zenye dawa, gawa kwa ule wa zisizo na dawa, zidisha kwa 100. Kwa mfano, wastani wa masuke 40 meusi bila dawa na 3 kwa dawa ni (40 − 3) ÷ 40, yaani asilimia 92.5. Tumia ploti za maji kama msingi ikiwa zinatofautiana na zile kavu. Kama una programu ya takwimu, geuza hesabu za masuke kuwa vipeuo vyake vya pili kabla ya uchanganuzi wa tofauti, kwa sababu ploti zenye sifuri nyingi hupotosha.

Sifuri nayo ina mipaka. Usipoona suke jeusi hata moja kwenye ploti nne, yaani miche 12,000, kinachoweza kusemwa kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba ugonjwa hauzidi mche 1 kati ya 4,000. Kwa ngano ya kusaga hilo ni zaidi ya kutosha. Kwa mzalishaji wa mbegu linahitaji msimu wa pili, na mahali pa pili pakiwa na baridi tofauti, tuseme Njoro na Mau Narok.

Ukiwa Kisumu, Siaya au Busia

Ngano haipo, lakini mtama upo, na smati iliyofunikwa ya mtama ndiyo shule rahisi ya kazi hii. Kuvu yake husafiri nje ya punje, kwa hiyo ugonjwa unaweza kuuweka mwenyewe. Kusanya vichwa ambavyo punje zimegeuka vifuko vya kijivu, viponde, chekecha, changanya gramu 5 za unga huo na kilo moja ya mbegu safi, tikisa mpaka mbegu iwe na vumbi jeusi, ndipo upake dawa. Hapa dawa ya kugusa inatarajiwa kushinda. Hesabu vichwa punje zinapoanza kukomaa. Usiichanganye na smati ya kichwa kizima, ile inayotoa uvimbe mkubwa mweupe unaopasuka na kuonyesha nyuzi nyeusi: hiyo hukaa udongoni, na kupaka mbegu huizuia kidogo tu.

Baada ya mavuno

Mbegu iliyopakwa na kubaki ipandwe msimu uleule kwenye kona ya shamba, ifukiwe kabisa ndege wasiifikie. Suuza mitungi mara tatu na umwage maji hayo juu ya mbegu za ziada zinazofukiwa, kamwe si mtoni au karibu na kisima.

Ngano ya jaribio la smati iende kusagwa, isiwekwe mbegu, hata ile iliyotoka kwenye ploti zilizopata sifuri. Ploti zisizo na dawa zilikuwa zinarusha unga mweusi hatua chache tu kutoka hapo, wakati ploti zote zinachanua, na dawa iliyokuwa kwenye mbegu haikuwa na nguvu tena ya kulinda ua. Anayeipanda mwaka unaofuata na kuona masuke meusi ataihukumu dawa iliyofanya kazi yake.